Libérat Hataki Niguse Gita Yake

Mpendwa Mama Léocadie, weye unayeshauri watu kwa barua, naomba msaada wako mbio, kabla sijavunja gita ku kichwa ya muntu. Minye ni Thaddée wa Kasenga, hapa Uvira, na huyo muntu ni Libérat, mwenzangu wa kuimba tangu utoto, yeye anapiga gita ya kuongoza, minye ya kufuata, sauti mbili, na disiki yetu ya kwanza inalia ku kila baa mpaka Kamanyola. Sasa kule Bujumbura mwenye studio anatungoja Jumamosi tuimbe disiki ya pili, na Libérat, ashindwe huyo, amekwenda kwa Simba, wale waasi, akachanjwa dawa ya kuzuia risasi! Si kwamba anapigana, anaogopa hata jogoo, alitaka tu wamwachie apite barabarani kwenda Bujumbura, lakini dawa iko na masharti yake, aliyechanjwa hagusi mwanamke, hagusi muntu asiyechanjwa wala kitu alichokishika, ao dawa inaharibika.

Mama, Libérat hana sikio. Mungu alimpa vidole na sauti, sikio akasahau, na siku zote ni minye namukazia nyuzi za gita yake. Sasa nikinyoosha mukono anaruka nyuma, "Usiguse! Unataka nikufe?" akakaza mwenyewe, gita ikalia kama mbuzi, mpaka dada yangu Apollinarie, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani, akacheka akasema, "Kamba ya tatu imelegea," na kweli ilikuwa ya tatu. Libérat anamusindikizaga ziwani kuchota maji, anamushika mukono asiteleze ku majiwe, lakini hiyo si shida, amekwisha leta posa kwa baba, ni shemeji yangu wa kesho. Shida ni gita! Ananiambia, "Weye pia uchanjwe, tuwe sawa." Minye mtoto wa katekista! Baba atanifukuza. Na tukikosa disiki ya pili watu watasema ile ya kwanza ilikuwa bahati tu. Nichanjwe, ao niache kuimba?

Thaddée, Kasenga

Thaddée mwanangu,

Nimesoma barua yako nikapiga meza mpaka chai ikamwagika. Pole sana. Kuwa sikio la mwenzako miaka yote, halafu akukimbie kama mwenye ukoma, ni matusi, na una haki ya kukasirika.

Lakini weye nawe! Jambo kubwa umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukasema si shida. Dawa inakataza mwanamke. Dawa inakataza asiyechanjwa. Apollinarie ni vyote viwili! Mbona mkono wake haumuui? Wa ziwani ni salama, wa kukaza nyuzi ndio sumu? Ebo! Kama kuharibika, dawa hiyo imekwisha haribika zamani, na Libérat anajua vizuri. Mimi naona amechoka kusimama mbele ya watu akingoja umkazie nyuzi kama mtoto anayefungwa viatu. Aibu yake ameificha ndani ya dawa, na weye umeiheshimu.

Usichanjwe. Mwite Libérat nyumbani kesho, baba yako na Apollinarie wakiwepo, umuulize mbele yao: dawa hii ni ya kweli ao si ya kweli? Akisema ni ya kweli, asimshike tena dada yako hata kidole, na posa yake ingoje mpaka vita viishe. Akisema si ya kweli, akupe gita palepale, uikaze, na akuombe radhi. Usikubali jibu la katikati.

Akinuna, mwache anune. Lakini Jumamosi usiitupe. Nyumbani mwenu kuna mtu anayesikia kamba iliyolegea huku anatwanga sombe, na katika barua yako yote sioni mahali ulipomwuliza kama anataka kuimba. Mwenye studio anangoja sauti mbili. Hakusema zote mbili ziwe na ndevu. Muulize Apollinarie leo.

Mama Léocadie