Papa Willy, nguo ya matanga yako ilituletea maneno

Papa, mwaka moya umetimia. Ile asubui ulikaa ku meza yako ya chumvi na sabuni, ukafungua radio, ukasema kifua inakulemea, na mbele habari ziishe weye ulikuwa umeenda. Radio iliendelea kusema yenyewe. Hakuna mwenye alisubutu kuifunga. Ilisema mpaka mabetri yakakufwa.

Miye Keren, binti yako, njo naandika. Unayua masomo yangu ilifika fasi gani: darasa ya sita ku Pweto, kule Congo, kisha tukakimbia, tukakuya hapa Mantapala, camp ya wakimbizi mu Zambia. Kama kuna makosa utanisamehe, na wenye watasoma hii karatasi ku mulango wa kanisa watanisamehe vilevile. Mama alisema niandike miye juu nilikuwa nakaa karibu na weye, kimya, nasikia yote.

Watu wengi wa camp hawakuyua jina yako ya kweli. Walikuita Papa Siyui. Kila asubui ulikuwa unasikiliza habari za Zambia mu Kibemba, kisha unageuza bouton, unasikiliza za Congo mu Kifaransa, na watu wakikuya kununua chumvi unawaelezea mu Kiswahili. Kila habari uliielezea mara mbili. Kwanza vile leta, ni kusema serikali, inasema, kisha vile wenye kupinga leta wanasema. Na sauti ulikuwa unabadilisha. Ya leta ilikuwa nzito, sawa mutu mwenye ametoka kula bukari. Ya wapinzani ilikuwa ya mbiombio, sawa mutu mwenye angali anaingojea. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanasahau chumvi yao ku meza. Kisha moya anauliza: sasa, Papa, nani anasema kweli? Na weye, ukiwa unafunga plastiki: "Miye siyui. Weye unaona aje?"

Ile jibu ilikuwa inamusumbua yaya Pitchou, kaka yangu mukubwa. Alikuwa anasema mutu mukubwa hawezi kusikia radio siku muzima na kubakia hayui. Siku moya alikuambia hivi mbele ya watu. Haukukasirika. Ulimwambia tu: "Ku Pweto kulikuwa watu wenye waliyua. Uliza wako wapi."  

Tunakumbuka koti yako nzito ya rangi ya udongo, hata juwa ikiwaka. Ulisema mutu wa kukimbia anavaa nyumba yake. Tunakumbuka chai yako ya tangawisi, yenye wageni walikuwa wanakunywa kwa heshima, macho ikiwatoka machozi. Tunakumbuka baiskeli yako ya kuenda Kashikishi kutafuta chisense, wale samaki wadogo, na vile ulikuwa unarudi na unamuchotea kwanza Ba Mable, jirani wetu Muzambia mwenye kulima pale ku mupaka wa camp. Miguu yake inavimba. Ulimuwekea kiti pembeni ya meza, na kama hakukuya, hakuna mwingine mwenye alikuwa na ruhusa ya kuikalia.

Papa, tangu uende habari hazikusimama, na hakuna mwenye kuzielezea mara mbili. Ku mashariki ya Congo wakubwa wanaandikiana mapatano mu inchi za mbali, wanashikana mikono, na kisha ndugu wa kule wanapiga telefone wanasema risasi inalia. Siyui niamini nini, mikono ao risasi. Chakula ya musaada imepunguka, juu watu wenye hatujaonaka sura yao walibadilisha roho. Hapa Zambia kuna sheria ya maneno ya mu telefone. Wengine wanasema ni ya kukamata wezi, wengine wanasema ni ya kukamata midomo. Nasikia hivi, nasikia vile, na kichwa inazunguka. Weye ulikuwa unafanya namna gani isikuzunguke?

Na huu ni mwaka wa kura. Magari yenye vipaza sauti inapita ku barabara ya Kashikishi, muziki juu, vumbi nyuma. Sisi hatupige kura. Papa Jean wa komite alituita wote, akatuonya: hapana kuingia politiki, hapana kupanda gari ya mutu, hapana kuvaa kintu ya chama. Mwenye ataonekana, watamuita ku biro, ofisi ya camp, na ile karatasi ya kutoka camp anaweza kuikosa. Bila karatasi hakuna Kashikishi. Bila Kashikishi hakuna samaki wala chumvi, na meza yako inakufwa mara ya pili.

Tulikubali wote. Sisi watu wa Pweto, kukubali tunayua.

Lakini tantine Berthe, dada yako, hakusikia ile maneno, juu yeye anakaa ng'ambo ya ziwa, ku Kilwa, anauza samaki. Siku ya kukuzika alisimama karibu ya kaburi, akasema hakuna mutu atasema Willy alikufwa sawa mwenye hana famille. Unayua desturi yetu: mwaka ukitimia, tunatosha matanga, ni kusema tunaiondoa, tunavua nyeusi, na famille yote inavaa nguo ya namna moya. Watu wakiona iniforme, wanayua marehemu alikuwa na watu. Tantine aliahidi yeye njo ataileta, na alitimiza.

Alivuka na mutumbwi wa motere, mufuko ku kichwa. Nilienda kumupokea ku Kashikishi. Mufuko ulikuwa umefunguka kidogo upande moya, na wamama wenye kuanika samaki walikuwa wanamutazama. Wengine walipiga vigelegele, wengine walitema mate chini. Yeye aliinua mukono, akawasalimia wote. Aliniambia Wazambia ni watu wazuri, wanapokea mugeni hata hawamuyui.

Ku nyumba alifungua mufuko. Marobe, magauni ya mama, yangu na ya Reine, mutoto wa tantine, na shati ya yaya Pitchou, yote imekwisha kushonwa ku Kilwa, na vizuri. Na ku kila kifua, Papa, mutu. Mutu mukubwa mwenye kucheka, mikono juu. Ku mugongo, yeye tena. Rangi ya ile kitenge siiandike hapa, wala jina ya mutu, juu hii karatasi inaenda ku mulango wa kanisa. Weye ungeiona, ungecheka.

Mama aliuliza polepole: "Berthe, huyu ni nani?"

"Si pasta? Anainua mikono, anacheka. Nikasema huyu mutumishi wa Mungu atasindikiza kaya yangu Willy vizuri."

Kulikuwa jina chini, maherufi makubwa, jina ya mukubwa wa chama mwenye anatafuta kura. Tantine alisema yeye alisoma sura, hakusoma jina. Ku Kilwa, aliendelea, watu wanavaa sura za maaskofu na za wanamuziki na hakuna mwenye kuulizwa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uende. Kisha akaacha kucheka, akaenda kufunga mulango.

Yaya Pitchou alisema tuvae. "Nguo haipige kura, mama."

"Haipige. Lakini inasema."

Yeye akasema mutu ana haki ya kuvaa kintu yake mu matanga ya baba yake, na kama hata ile hatuna, basi tulikimbia nini?   Papa, ile ni neno ya kweli. Na onyo ya papa Jean ni ya kweli vilevile. Nilikuwa nazishika zote mbili, sawa mutu mwenye amepewa watoto wawili wa kubeba na anapashwa kufungua mulango.

Camp ni masikio. Mbele ya magaribi Ba Kangwa alikuya, yule mwenye kukusanya watu wa chama ya ule mutu wa ku kitenge mu vijiji vya karibu. Alitosha kofia, alituita famille ya akili, akasema atatuletea gari ya muziki siku ya matanga, bure. Kutoka tu yeye, Ba Mable akaingia. Wana wake wako upande ule mwingine. Hakukaa. Alisema: "Willy aliniwekea kiti. Mukivaa huyu mutu, miye nitalilia kwangu." Kisha papa Jean, yeye alisimama ku mulango tu, hakuingia hata, akasema hajaona kintu na hataki kuona.

Tukaona hivi: tukivaa, ni karatasi ya kutoka njo tunapoteza. Tukikosa kuvaa, tunamupiga tantine Berthe aibu, na watu watasema Papa Siyui hakuwa na famille. Tuligeuza marobe, ya ndani nje. Sura ilibaki, ila sasa ilikuwa sawa mutu mwenye anachungulia ku dirisha. Tantine alianza kulia. Alisema alitaka tu kaya yake aheshimiwe.

Nilikuwa nimekaa ku pembe, namna unaniyua. Macho yangu ilienda juu ya kabati, ku ile kopo ya rangi nyeusi yenye mama aliingizia nguo zetu siku ya kilio. Ilikuwa imebaki nusu. Nikasema: "Mama, tuiingize mu nyeusi."

Walinitazama wote. Tantine Berthe alipanguza machozi. "Keren, ni matanga tunatosha ao tunaanza ingine?"

"Siyui, tantine."

Mama alisema: "Sikia huyu. Ni baba yake kabisa."

Tuliitokotesha mu ile demi-fût, nusu pipa yenye ulikuwa unapikia sabuni. Nyeusi iliingia vizuri, ila meno ya yule mutu ilikataa. Siku ya matanga kila mumoja wetu alikuwa na mustari mweupe wa kicheko ku kifua. Tantine alitufunga vitambaa juu yake, akapiga na pini.

Papa, watu walikuya wengi. Wote wenye walinunuaka chumvi kwako, na wenye walikuwa wanakuya kusikia tu. Ba Mable alikalia kiti yake. Tulifikiri imekwisha. Ba Kangwa alifika bila gari, akatutazama namna nyingine, akamuuliza mama: "Mayo, hii nyeusi munapinga nini?" Mama hakusikia vizuri, Ba Kangwa akarudilisha. Alisema huko mu town watu wakikasirikia leta wanavaa nyeusi, kila mutu anayua. Sisi hatukuyua. Nani alituambia? Tulikimbia rangi, na ile tulikimbilia, nayo iko na maneno yake.

Kisha niliona wanaume wawili ku luba, uzio wa nyumba yetu, wageni, wamevaa sawa watu wa kila siku. Moya aliinua telefone, akatupiga picha. Hakuna mwenye aliyua walitoka wapi, ku leta ao ku chama, ao walikuwa wapita njia. Wimbo ulikatika. Moya alikaribia, kwa heshima, akauliza ni mukutano gani.

Mama alisimama. "Tunalilia bwana yangu."

"Mwaka muzima, na mungali mu nyeusi?"

"Tungali."

"Alikuwa wa upande gani, marehemu?"

Papa, watu wote waliinamisha kichwa.  Niliona mukono wa mama unatafuta pini ya ku kifua, inashika, inashika. Kisha akasema, polepole, na ile sauti yako yenyewe: "Alikuwa anasemaka hayui. Weye unaona aje?"

Mutu moya alianza kucheka nyuma, ni Ba Mable nafikiri, kisha kiwanja yote. Hata yaya Pitchou, machozi ikishuka. Yule mwanaume alitazama mwenzake. Alicheka kidogo, ao alikunja uso tu, sikuona vizuri. Wakaenda. Picha yetu walienda nayo. Mpaka leo hatuitwe ku biro, na mpaka leo hatuyui kama tutaitwa. Kila asubui yaya Pitchou akishika njia ya Kashikishi, mama anabakia ku mulango mpaka anapotea ku barabara.

Katekista wetu alituletea mambo mengine. Alisema hawezi kubariki kutosha matanga na famille ingali mu nyeusi. Nyeusi haitoshewe na nyeusi. Tantine Berthe njo alikata maneno: tutatosha kisha ya kura, wakati nguo zitarudi kuwa nguo. Basi, Papa, weye mwenye haukupigaka kura hapa hata moya na haukuchaguaka upande, matanga yako inangojea kura ya watu wengine. Weye ungeieleza mara mbili. Miye hata mara moya inanishinda.

Radio niliitilia mabetri. Niko ku meza yako. Sauti ya leta bado sijaipata vizuri, wanasema yangu ni ya mutu mwenye amekula kidogo. Wananiuliza nani anasema kweli. Nafunga chumvi.

Wenye kukukumbuka: bibi yako Pierrette, mama yetu, watoto wako Pitchou na Keren, dada yako Berthe wa Kilwa na binti yake Reine, Ba Mable, mwenye kiti, na wote wa ku meza.

Siku itafika tutatosha nyeusi, Papa. Weye hatutakutosha mu roho.