Debe Chini ya Maji

S.L.P. 83,
Nakuru.
9 Septemba, 1958.

Dada mpendwa Anyango,

Ko. Ko. Ko. Unaikumbuka sauti ya lile debe la mafuta ya taa? Sisemi ile uliyoisikia wewe uliyekaa ukingoni mwa bwawa na jiwe mkononi, maana huko juu lililia kama debe lolote. Nasema ile tuliyoisikia sisi tuliozama, mimi na mdogo wetu Kiplangat, tukishindana kukaa chini, mashavu yamejaa hewa. Kule chini lilikuwa kama kitu kinachogongwa ndani ya kichwa changu mwenyewe. Mwezi uliopita nililisikia tena, mahali pasipo na debe, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikuandikia barua hii moyoni.

Lakini Mama angenigombeza kwa kuanza habari kabla ya salamu. U hali gani, dada? Shemeji hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Nasikia Tabora kuna joto kali, nami nashindwa kukuona katika joto. Kila nikikuwaza nakuona umevaa lile sweta la kijivu lililotoboka viwiko, unapuliza moto wa asubuhi.

Sisi ni wazima. Baba bado anakamua ng'ombe wa Bwana mwenye shamba kule Subukia, ingawa goti linamsumbua akiinuka kwenye kigoda. Mama ameanika maua mengi ya pareto mwaka huu hata kuku wanapiga chafya. Mimi nafundisha darasa la tatu hapa Nakuru. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari natembea mpaka mahali ambapo ziwa linaonekana, natazama wale ndege wekundu, kisha narudi. Maisha yangu ni hayo.

Sasa nikueleze nilikolisikia debe.

Likizo ya Agosti, mwalimu wetu mkuu, Bi Pargeter, alitupeleka pwani mimi na Mwalimu Zeddy, tukamsaidie kuandika majina ya matumbawe anayoyachora. Kuna nyumba ya misheni kaskazini ya Mombasa, na kaka yake alitukuta hapo. Huyo kaka alikuwa mwanamaji wakati wa vita. Ana mitungi ya chuma iliyoshindiliwa hewa. Unajifunga mtungi mgongoni, unauma kipande cha mpira mdomoni, na hewa inakuja kila unapoivuta. Unapumua ndani ya maji, dada, kama uko jikoni kwako.

Wala hatukuhitaji mashua. Maji yakipwa unatoka mchangani kwa miguu, maji yanakufika magotini, unakwepa vile viumbe vyenye miiba mirefu myeusi, mpaka unafika mahali ambapo mwamba umekatika kama mlango wa boma. Hapo unavaa viatu vya mpira vilivyo kama miguu ya bata, unajifunga mshipi wenye vipande vya risasi ili usielee, na unaingia.

Bi Pargeter aliuliza nani angependa kushuka na kaka yake. Zeddy akaruka nyuma. "Mimi ni mtu wa Gilgil," akasema. "Maji yangu ni ya karai." Nilipoinua mkono alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Haya, Chemutai. Ukimezwa, lile koti la kijani ni langu."

Hakujua, wala hakuna anayejua hapa, kwamba tangu siku ile ya Kiplangat sijaingiza kichwa ndani ya maji. Hata uso naunawa kwa kitambaa. Niliinua mkono kwa sababu nilichoka kuogopa kitu kinachotoka bombani.

Siku tatu Bwana Pargeter alinifundisha katika maji ya kifuani. Sheria zake zilikuwa chache, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: usizuie pumzi. Kamwe. Hewa ya mtungi ukiifungia kifuani huku unapanda, inatanuka, mapafu yanapasuka. Nilijibu "ndiyo, Bwana," lakini mwili wangu ulisomea shule nyingine. Ulisomea bwawani kwetu, ambako sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kuzuia.

Tulishuka siku ya nne. Kina chake hakikuzidi nyumba mbili zilizopandana. Sijui nikuambieje uzuri ule. Kulikuwa na matumbawe kama vichwa vya kabichi baada ya mvua, mengine kama pembe za swara waliolala kwa maelfu. Samaki wa manjano walipita mbele ya miwani yangu wakiwa wamejipanga kama watoto wa shule wanaokwenda gwaride, na mmoja akasimama akanikagua. Nikawaza, Kiplangat angecheka mpaka ateme mpira. Kisha nikawakumbuka ninyi wote wawili: matope ya bwawa kati ya vidole, harufu ya ng'ombe waliokuja kunywa, wewe ukitupigia kelele tusichafue nguo za Jumapili, na yale maziwa ya kibuyu uliyotufichia nyuma ya mawe tukitoka majini tunatetemeka. Sijawahi kunywa maziwa matamu kama yale, na nadhani sitakunywa tena.

Hapo ndipo likalia. Ko. Ko. Ko.

Alikuwa Bwana Pargeter anagonga mtungi wake kwa mpini wa kisu. Ni ishara ya kupanda, alikuwa amenieleza. Lakini sikukumbuka mtungi wala kisu. Nilishika jiwe kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikazuia pumzi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nawe ulikuwa juu unahesabu.

Alipoona hakuna mapovu yanayotoka kwangu, alinijia, akanibandua vidole kimoja kimoja, akanipiga kifuani kwa kiganja mpaka pumzi ikatoka. Tulipanda polepole huku amenishika mkanda. Kule juu alivua miwani, uso mwekundu kama nyanya. "Wewe nataka kufa? Mimi nasema pumua, wewe nafunga mdomo!" Zeddy alianza kucheka Kiswahili kile, kisha akaniona, akaja kunifunika kwa lile koti alilolitamani.

Baadaye nilimwuliza Bwana Pargeter kwa nini sauti ilitoka pande zote. Akanieleza kwamba ndani ya maji ndivyo ilivyo: masikio ya mtu hayajui sauti inatoka wapi. Na aliye juu, je, anaweza kujua aliye chini ana shida? Akasema hawezi. Haoni wala hasikii. Ndiyo maana mtu hashuki bila mwenzake wa kumtazama huko huko chini.

Dada, mwenzake Kiplangat huko chini nilikuwa mimi.

Miaka minane watu wa Subukia wanasema Anyango aliendelea kupiga debe huku mtoto anakufa. Baba alikutamkia maneno mbele ya waombolezaji, nawe ukafunga kitambaa chako ukaondoka, binti wa dada yake Mama, uliyelelewa kwetu kama mtoto wa tumbo moja. Hukurudi hata siku moja. Na hukuwaambia kwamba uliniuliza, nilipoibuka peke yangu, "Chemutai, mbona huyu haibuki?" nami nikakujibu, "Piga tu, anataka kunishinda." Ulinisikia wazi. Walipokuuliza kwa nini hukuacha kupiga, ulitazama chini. Ulinificha mimi.

Lakini kuna jambo ambalo hata wewe hulijui. Asubuhi ile nilimwonyesha Kiplangat ua wa zamani uliomezwa na maji Bwana wa shamba alipopanua bwawa. Nilimwambia akishika waya wa chini hataelea, ataweza kukaa zaidi. Ulikuwa waya wa miiba. Walipomtoa, kaptula yake ilikuwa imechanika nyuma, wakasema ni miti. Mimi nilijua ni ule waya uliomnasa. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini utoto wangu uliisha zamani, na kunyamaza kwangu hakukuisha.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba ya mama yake mdogo ambaye hajamwona. Zeddy anakusalimu bila kukujua. Nimemsimulia sana habari za maziwa ya kibuyu. Mama Wangare, jirani yetu, anauliza kama huko Tabora mnapata ulezi. Mungu akulinde unapolala, na akupe mikono ya watu wema unapoamka.

Usidhani nakuandikia kukuomba ruhusa. Jumamosi nilipanda basi kwenda Subukia, nikawaambia Baba na Mama yote, waya na "piga tu." Mama aliuliza swali moja: "Na Anyango alinyamaza kwa ajili yako?" Nikasema ndiyo. Akajifunika uso na leso. Baba alitoka akaenda zizini, ingawa ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama kanisani. Ni pale pale walipokuwa wakiuombea msamaha uzembe wako, ndiyo sababu nikaona nyumbani pekee hapatoshi. Nilisema kwa sauti ili hata wazee wa benchi la nyuma wasikie. Baba alikuwa ameketi mbele pamoja na wazee wa kanisa, hakuinua kichwa. Tangu hapo hajasema nami, na niliondoka bila kupewa mkono wake. Nitangoja. Lakini zamu yake ya kuomba ilipofika alisimama kwa lile goti, akawaombea wagonjwa na wasafiri, kisha akasema, "Na binti yangu Anyango, aliyeko Tabora."

Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Anasema kitanda chako hajampa mtu.

Mdogo wako akupendaye, aliyechelewa miaka minane,

Chemutai