Simu Yangu Iliyofungwa na Simu ya Zuhura

Ibra, Jumapili

Mdogo wangu mpenzi Mwanahawa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na mwanangu Salma. Mimi mwili mzima, alhamdulillah. Moyo ndio umechafuka. Nimeandika kwenye karatasi, nitampa mpishi wa jirani anayerudi Tanga, kwa sababu haya siwezi kuyatuma kwa simu ya Zuhura. Yanamhusu mwenyewe.

Ile simu nzuri niliyopewa na mama wa nyumba haipigi tena za video. Inasema inataka mfumo mpya, na walioitengeneza hawauleti tena. Jumatano nikaenda na Zuhura, anayefanya kazi nyumba ya pili, kwenye soko la wanawake. Wanaume hawaingii, kwa hiyo simu zetu zenye picha tumevua mitandio tunampa fundi wa kike. Ni Mwarabu wa hapa, lakini bibi yake alizaliwa Unguja, Kiswahili anakijua.

Ya Zuhura, ile yenye ufa niliyokuwa nikiicheka, akaitia mfumo uliotengenezwa na watu wengine. Ikafufuka. Yangu akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Hii wenyewe wameifunga, khalati. Haikubali mfumo wa mtu mwingine."

"Mwenyewe si mimi? Nimepewa."

"Yako kuishika. Ufunguo wa ndani wanao wao, khalas."

Zuhura akasema, "Basi ile ya kuchekwa ndiyo itakayokufaa, shoga." Akacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, Salma alipohitimu Kurani, Zuhura alikuja mpaka mlango wa jikoni na simu yake mkononi, nimtazame kwa video. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Uongo, Mungu anisamehe, na ndiyo kwanza nimetoka kwenye msala wa kuswalia. Baadaye akaja kuniambia mwanangu kasoma hata yeye akalia, na kwamba Salma kamwita khalati, yaani mama mdogo. Tangu hapo kila nikimwona na simu ile natamani imponyoke, itumbukie kwenye falaji, ule mfereji wa maji wa hapa. Nimeleta istighfari mpaka ulimi umechoka. Wivu haujatoka.

Nisalimie shemeji, mwalimu wa chuoni aliyemfundisha Salma, na jirani yetu mkaanga samaki.

Ukishaipata hii, Ijumaa ya kwanza piga kwa Zuhura baada ya alasiri. Nitakuwepo, na simu nitaishika mimi. Salma anisomee upya, hata kama ni Yasini tu. Lakini mwambie, kabla ya bismillahi aseme "mama", kwa sauti, Zuhura asikie.

Niombee dua.

Dada yako,
Mwanaidi