Sare Niliyoifunga kwenye Mlango wa Gari

Shangazi Kemunto, Bwana asifiwe. Naomba msaada wako, na tafadhali isome barua hii redioni bila kuikata, maana nimechoka kunyamaza.

Mimi ni mama wa hapa Oakdale, tulitoka Kivu tukapita kambi ya wakimbizi, na tangu kambini mimi ndiye niliyeongoza nyimbo katika kwaya yetu pamoja na rafiki yangu Perpétue, mimi naanzisha yeye anaitikia, na tulipofika huku Marekani, Minnesota, tukaifufua kwaya ile ile, tukashona sare za kitenge, tukaimbia watu harusi na misiba theluji ikiwa magotini, sasa mwaka huu nikasema nataka kutoa albamu yangu ya kwanza, mimi peke yangu, basi! Kwani nimeua mtu? Rigobert, prezida wa kwaya, akasimama kwenye mazoezi akasema eti sauti yangu ni mali ya kwaya, eti nikirekodi niandike jina la kwaya kwenye kava na picha yake iwekwe, yeye ambaye hata besi anaipapasa kama mtu aliyezimiwa taa! Nikatoka. Jumapili nikaifunga ile sare kwenye mlango wa gari lake, pale nje ya kanisa, watu wote wanatoka ibadani, waone.

Tangu hapo wamenitoa kwenye grupu ya WhatsApp, wananiombea kwa jina, "Bwana, mrudishe Mukamana aliyepotea," na mimi nimekaa pale pale nawasikia! Mchungaji anasema nipige magoti mbele ya kanisa, la sivyo hakuna atakayekuja kwenye uzinduzi wa albamu, ambao ni Jumamosi, ukumbi wa Bloomington nimeshaukodi. Na aliyeniuma zaidi ni Perpétue. Kuna wimbo tuliotunga wawili siku tulipomzika mtoto wake kambini, basi studio niliimba sehemu yangu na sehemu yake pia, umetoka safi kabisa, nikampelekea CD kwake Inver Grove Heights afurahi, ati sasa hanisalimii, CD ameirudisha kwa mume wangu. Wivu tu! Shangazi, nipige magoti? Ama niimbe nyimbo zangu Jumamosi, nao wabaki na kwaya yao?

Mukamana, Oakdale

Wee Mukamana, keti kwanza. Huyo Rigobert mwambie akatunge nyimbo zake apige na picha zake. Sauti ulipewa na Mungu, hukupewa na kamati. Na kupiga magoti kwa sababu umeimba? Usithubutu. Toba ni ya dhambi, na albamu si dhambi, hata mchungaji anajua.

Lakini hiyo sare! Unajua vizuri mtu hatoki kwaya hivyo. Anaaga, anaombewa, anaikabidhi sare mkononi, imefuliwa na kupigwa pasi. Wewe ukaifunga garini kama kitambaa cha kufutia vioo. Ulidhani unamwaibisha Rigobert, kumbe uliwatukana akina mama wote walioishona pamoja nawe. Hao waombe radhi, nyumba kwa nyumba, na chai yao uinywe.

Sasa tuje kwa Perpétue, na hapa ndipo umenikasirisha haswa. Wivu gani? Mama amezika mtoto, mkatunga wimbo, wewe ukaanzisha naye akaitikia kwa uchungu wake mwenyewe. Leo unaingia studio unamlilia kilio chake bila kumuuliza, halafu unampelekea afurahi! Rigobert aliposema sauti yako ni mali ya kwaya, uliwaka moto. Wewe umefanya nini na ya Perpétue? Nyani haoni kundule.

Nenda kwake leo, usingoje Jumamosi. Usibebe CD, usitaje ukumbi, usimlete mume wako akuombee. Mwambie umekosa. Akikubali wimbo utoke, mwombe aje aitikie mwenyewe. Akikataa, usiuimbe, na CD ulizochapisha zibaki kwenye maboksi mpaka utengeneze nyingine. Utapata hasara, ndiyo. Vumilia.

Na kitu kimoja, dada yangu. Barua yako nimeisoma tena na tena. Rigobert umemtaja, Bloomington umeitaja, mpaka WhatsApp umeitaja. Yule mtoto hukumtaja jina. Perpétue akikufungulia mlango, anza na hilo jina.

Shangazi Kemunto