Goti la Moïse

Goma, Majengo
Tarehe 3 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Honoré,

Pokea salamu zetu sote. Huko Kampala mnaamkaje? Kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunakula na tunalala. Mke wangu Philomène ananihimiza nisikucheleweshe, basi nianze na hili: mwanao Moïse ni mzima, na mguu wake anao.

Ilianza na kijipu juu ya goti la kulia. Kazi yake unaijua, anateremsha makaa kutoka Kibati kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, na chukudu yenyewe anashirikiana na rafiki yake Barthélemy, leo huyu, kesho yule. Philomène alifanya kama wanavyofanya mama wengi hapa: alifungua kapsuli zilizobaki za ugonjwa mwingine, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Goti likazidi kuvimba, uvimbe ukapanda pajani, kijana akaanza kuweweseka kwa homa.

Nilipomwambia twende hospitali alikataa.

“Papa alikataza.”

Najua ulikataza. Sijasahau marehemu mkeo Umugwaneza, mama yake Moïse, alivyoingia kujifungua akiwa na nguvu zake, kidonda cha upasuaji kikaozea humo humo wodini. Wala sijasahau ulivyoapa siku ya mazishi kwamba mtu wako hatalazwa tena. Lakini nilimjibu, “Papa yako alikuwa mudogo wangu mbele ya kuwa papa yako. Panda pikipiki.”

Daktari Niyonsenga alipasua jipu, akapeleka usaha maabara. Majibu yalionyesha mikrobe, yaani kijidudu, isiyosikia dawa za kawaida. Akauliza kama kijana alilazwa mahali karibuni.

“Hata mulango ya hospitali haijui,” Philomène akasema.

Nikueleze kama nilivyoelezwa. Mikrobe hiyo inaweza kukaa kwenye ngozi na puani mwa mtu mzima bila kumdhuru. Ile sugu zamani ilitafutwa hasa wodini, kwenye vidonda vya wagonjwa. Siku hizi inakutwa pia mitaani, kwa watu ambao hawajawahi kulazwa. Huingia penye mchubuko, kwa kugusana, kwa taulo au wembe wa kuazimana. Na dawa tunazomeza nusunusu huua zile dhaifu, zikaziachia nafasi zile ngumu.

Nilirudi nyumbani nikaenda kuitazama ile chukudu. Pale dereva anapoegemeza goti wamepigilia kipande cha godoro. Kilikuwa kimelowa jasho, kikakauka, kikalowa tena, sijui tangu lini. Nikamwita Barthélemy, nikamwambia akunje suruali. Goti lile lile, kovu la jipu. Alicheka, akasema lake lilipasuka lenyewe, hakuona sababu ya kusumbua watu. Siwezi kuapa kwamba ndiko lilikotoka, lakini daktari aliposikia alitikisa kichwa kukubali. Godoro tumelichoma. Sasa kila mmoja ana kipande chake cha mpira, anakiosha kwa sabuni.

Sitakuambia hospitali haikumkosea mama yake Moïse. Ilimkosea. Lakini ugonjwa huu kijana aliupata barabarani, na hospitali ndiko ulikotolewa. Dawa ya kuiweza mikrobe hiyo ilipatikana, wakamchoma kwenye mshipa, homa ikashuka. Goti bado halikunjiki vizuri. Daktari anasema kwa mazoezi litarudi, labda si lote.

Shida iliyobaki ni moja. Ukipiga simu haipokei, nawe unadhani ni mtandao. Anaogopa utamuuliza kwa nini aliingia hospitali. Aliyekubali apasuliwe ni mimi, kaka yako. Kama una ugomvi, ulete kwangu. Yeye muulize habari za goti tu.

Utusalimie mkeo Domitille na watoto. Shangazi Mukashyaka anakusalimu sana, na Barthélemy pia. Mungu aliyetulea tukiwa yatima akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mimi kaka yako nikupendaye bila kupungua,

Habarurema