Saa Nilizomnyoa Babu

Nyumbani kwa Babu,
Barabara ya Pili,
Elm Fork, Nebraska.
9 Machi 2019

Mpendwa Mjomba Dale,

Hujambo huko Alaska kwenye theluji isiyoisha? Mgongo je, bado unakusumbua ukilala chini ya hizo ndege unazozitengeneza? Sisi hapa wazima. Mama anakohoa kidogo, ila hataki kuambiwa kwamba anakohoa.

Nimekukumbuka mno, Mjomba. Jumapili tulipika supu ya maharage na mikate ya mdalasini, nikakupakulia bakuli lako kwa mazoea. Mama aliliangalia, akalisogeza kwangu. Nikaishia kula mimi.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya mambo ya chuo cha udaktari. Maombi yanafunguliwa Mei, na fomu inataka saa ulizokaa na wagonjwa. Nilimwambia Bi. Pruett, mshauri wetu, kwamba nilimuuguza Babu miezi saba: nilimlisha, nikamgeuza, nikamnyoa kila asubuhi mpaka Oktoba alipotuacha. Akaniambia kwa upole kwamba ndugu hahesabiwi. Lazima wawe wagonjwa wa watu wengine, na msimamizi wa kutia saini. Nilitoka pale nimevunjika moyo.

Basi tangu Januari nafanya kazi katika nyumba ya wazee, naogesha watu na kubadilisha mashuka. Wenzangu wote wamekimbilia hospitali kubwa, kumwandikia daktari maelezo anapowaona wagonjwa. Humgusi mtu, lakini mwisho daktari anakuandikia barua ya kukusifu. Wiki iliyopita hospitali nayo ikaniita. Walitaka jibu ifikapo Ijumaa.

Nilikuwa nimeshaamua kwenda. Kila jioni nilikuwa naandika saa zangu kwenye daftari, na zilikuwa zinapanda polepole mno.

Jumanne nikawa namwogesha Bwana Orville Janssen, yule aliyekuwa akicheza karata na Babu. Nilikuwa naharakisha. Akanishika mkono uliokuwa na sabuni.

"We binti, unaniogesha mimi au unaiogesha ile saa ya ukutani?"

Niliona aibu, Mjomba. Niliingia chumba cha mashuka nikalia, na niliyekuwa namlilia ni Babu. Miezi saba ile sikuwahi kutazama saa hata mara moja.

Kesho yake nikamwomba radhi. Akanitazama kama mtu anayekagua punda wa kununua.

"Babu yako Vernon, kabla hajalala kitandani kabisa, alikuwa akitutambia mezani kwamba mjukuu wake anamnyoa bila kumkata. Sisi tukamwambia acha uongo, mzee, una plasta kidevuni. Haya, ninyoe tuone nani mwongo."

Nilimnyoa taratibu, shingo kwanza, kisha mashavu, kama Babu alivyopenda. Alipojipapasa hakuona damu. "Kumbe jamaa alisema kweli," akasema, na macho yake yakalowa. Yangu pia.

Alhamisi nikaipigia simu hospitali nikawaambia siendi. Bi. Pruett anahofia kwamba bila barua ya daktari na kwa saa chache nilizonazo, huenda vyuo vikanikataa mwaka huu. Huenda ni kweli, na ninaogopa. Lakini kama nitakuwa daktari, nataka niwe yule aliyemnyoa Bwana Janssen Jumatano. Yule wa Jumanne simtaki.

Najua bado inakuuma kwamba dhoruba ilifunga uwanja wa ndege ukakosa mazishi. Hakuna anayekulaumu, hata Mama. Siku za mwisho Babu alikuwa akiuliza kama umekula. Nilimjibu ndiyo kila mara.

Mama anakusalimu sana, na Bwana Janssen anasema bado unamdai mchezo wa karata. Nisalimie mkazamjomba Yvette na mwanao Cody. Mungu awakinge na barafu ya barabarani, na awafungulie njia ya kuja.

Niliiona picha yako ya Krismasi. Hizo ndevu hata Babu angekufukuza mezani! Kiti chake bado kiko dirishani, na wembe wake nimeutunza. Njoo nikunyoe, Mjomba. Sitatazama saa.

Mpwa wako anayekupenda na kukungoja,
Janelle