Vikohozi Mia Sita

Jumamosi asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi hilo goti? Wifi yako anasema ukilipumzisha siku mbili tu utakuwa umepumzika kuliko miaka yako yote thelathini ya uuguzi, nami namwunga mkono. Mpe shemeji salamu, mwambie redio yake bado iko kwa fundi, na fundi bado ana maneno mengi kuliko vifaa. Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenipa kisogo wiki nzima. Sababu nitaieleza.

Nimepata ujumbe wako wa Alhamisi. Umeandika kwamba yule binti, mwanafunzi wangu niliyemleta zahanati yako, ni mwongo, na kwamba amewachezea wagonjwa wako. Sikulaumu. Ni wewe uliyewaomba watu sitini wakohoe mbele ya simu, kila mmoja mara kumi, hadi yule fundi seremala akakuuliza kama siku hizi kukohoa ni kipaji. Una haki ya kujua kilichotokea. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Nianzie mbali kidogo, unanijua. Binti alikuwa anaifundisha kompyuta isikilize kikohozi na kusema kama mapafu yana ugonjwa au hayana. Kompyuta hufundishwa kwa mifano: hiki ni cha mgonjwa, hiki ni cha mzima, mpaka izoee. Kisha hupewa mtihani kwa vikohozi ambavyo haijawahi kuvisikia. Kwa hiyo vikohozi mia sita hugawanywa mafungu mawili, la kufundishia na la mtihani. Ukikosea kugawa, unakuwa kama mwalimu aliyewapa watoto maswali ya mtihani jana yake, kisha anajisifu kwamba darasa zima limefaulu.

Wenzake humwita Daktari wa Vikohozi, na yeye hucheka tu. Ni mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa. Aliponiletea rasimu ya kwanza, kompyuta yake ilikuwa inapatia mara sabini na moja katika kila mia. Niliisoma ofisini kati ya vikao viwili, nikaandika maelezo pembeni, nikamrudishia. Baada ya wiki mbili akarudi na tisini na saba. Siku ileile nikamwambia mkuu wa idara, kisha nikakuambia wewe. Walimu wenzangu walinipa mikono kwenye korido kana kwamba nimepata mjukuu.

Jumanne ilikuwa siku yake ya kuitetea kazi mbele ya wataalamu. Meza ndefu, watu watano, feni inayozunguka huku inalalamika, na binti amesimama kando ya ukuta mweupe, picha za kazi yake zinamulikwa begani kwake. Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika hata neno. Kisha akamuuliza kama vikohozi vya mtu mmoja viliweza kuangukia mafungu yote mawili. Binti akasema ndiyo, vyote vilichanganywa kwanza.

Ona: kama vikohozi saba vya seremala vimo kwenye kufundishia na vitatu vimo kwenye mtihani, kompyuta haina haja ya kuujua ugonjwa. Inamtambua seremala tu. Wewe mwenyewe unamjua shemeji kwa kikohozi chake tangu yuko getini. Unajua ni yeye, hujui anaumwa nini.

Yule mama alikuwa amekuja na vikohozi vya watu wapya kumi na wawili. Vikapigwa palepale, tukasubiri kimoja kimoja. Kompyuta ikapatia sita. Hata sarafu ukiirusha itakupatia sita. Wakaomba kuona majaribio ya zamani kwenye kompyuta ya binti, na ile sabini na moja ikajitokeza. Humo binti alikuwa amegawa kwa mtu: vya seremala vyote upande mmoja, vya mwingine vyote upande mwingine. Maana yake ni kwamba njia sahihi aliijua. Aliiacha, akachukua yenye namba kubwa, na ile ndogo hakuitaja popote kwenye ripoti.

Mkuu wa idara akasema hilo halikuwa kosa bali udanganyifu, na adhabu ya udanganyifu ni kufukuzwa chuo. Uamuzi ungetolewa Ijumaa. Miaka minne ya binti ilikuwa juu ya meza ile. Walipomuuliza kwa nini alibadili njia, akajibu kwamba aliona ni vyema kuchanganya. Hakunitazama. Mkuu wa idara akanigeukia mimi msimamizi wake, akauliza kama nilijua.

Nikasema, "Mimi huangalia mwelekeo wa kazi, si kila mstari."

Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima zote.

Baadaye binti alinifuata kwenye ngazi. Nilijiandaa kwa machozi, hayakuja. Alitoa karatasi moja kwenye faili lake, akanipa kwa mikono miwili. "Hii ni yako, Profesa," akasema. "Sikutaka waikute kwangu." Akashuka zake.

Dada, ulikuwa ukurasa wa ile rasimu ya kwanza. Pembeni yake, kwa wino wa kijani ambao idara nzima inajua ni wangu, palikuwa na maneno manne: "Changanya kwanza, ndipo ugawe." Chini yake nilikuwa nimeikata sabini na moja kwa mstari, nikaandika kwamba haina haja ya kubaki. Maneno yale nimewaandikia wanafunzi miaka ishirini, kama mtu anavyochanga karata kabla ya kugawa, na kwa kazi nyingi ni ushauri mzuri. Kwa vikohozi vya watu sitini ni sumu. Kwenye ukurasa wa nyuma yake binti alikuwa ameeleza, kwa aya nzima, kwa nini amegawa kwa mtu. Sikuusoma.

Hilo lingeweza kuitwa kosa la haraka. Lakini kuna la chini yake. Siku aliponiletea tisini na saba, nilinusa. Namba haipandi hivyo kwa wiki mbili. Ndilo somo ninalolifundisha kila mwaka. Nilinusa, nikaziba pua, kwa sababu nastaafu Desemba na nilitaka kuondoka na namba ile.

Nilikaa na karatasi hiyo mfukoni Jumatano na Alhamisi. Alikuwa amenipa ushahidi wake wote, na kiberiti kiko jikoni. Ujumbe wako ulinikuta kwenye chumba cha walimu. Nilianza kukujibu kwamba kweli, inasikitisha, vijana wa siku hizi. Niliandika mistari miwili hivi. Nikaifuta.

Jana niliingia kikaoni kabla hawajasoma muhtasari, nikaiweka karatasi mezani. Nikawaambia, "Huyu binti hakudanganya. Alinitii."

Karatasi ikazunguka meza. Yule mama akamuuliza binti kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilidhani Profesa anajua nisichokijua." Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Dada, si adhabu. Mkuu wa idara alivua miwani, akaniambia taratibu, "Mzee, ungesema Jumanne, tungemaliza Jumanne."

Binti habanduki chuoni. Amepewa muhula mzima kuirudia kazi kwa njia yake ya kwanza, chini ya msimamizi mwingine. Mimi sitasimamia tena mwanafunzi yeyote, na barua ya onyo imo kwenye faili langu. Wamenipimia kwa haki.

Atahitaji vikohozi vipya, na Jumatatu atakuja kwako kuomba. Tafadhali mpokee, umpe kiti, wala usimuulize neno. Aliyewachezea wagonjwa wako ni ndugu yako. Mwenyewe nitakuja Jumamosi ijayo kuwaambia. Usinipitishe mlango wa nyuma. Nitakaa kwenye benchi na wengine mpaka uniite.

Wabusu wapwa zangu, na wifi yako anakuombea goti lipone. Nabaki,

Mdogo wako